Nani Anaziunguza Karoti Zangu?

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, zikiwa bado na harufu ya oveni. Hujambo huko? Kiuno kinaendeleaje? Kaka yako ameniambia kwamba kusimama kutwa ukisuka vichwa vya watu kumekuachia maumivu. Nilimwagiza akuletee dawa ya kuchua, ila sijui kama atakumbuka, maana mzigo anaoukumbuka yeye ni ule ulio ndani ya lori tu. Na mapacha wako je, bado wanapigania kiti cha dirishani? Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Bwana Mkubwa ameota meno mawili ya chini na ameanza kutambaa, basi hakuna tena kitu kinachowekwa chini kikabaki chini. Chiriku ni yule yule, akiamka anaanza kuongea pale alipoishia jana. Mama yako yupo, anakusalimu. Habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu, lakini acha nianze na ulichoniomba, nisionekane nimekutumia moto kwenye bahasha.

Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Utaelewa mwenyewe huko mbele. Kaka yako anapita mji wenu na mzigo wa saruji, nikaona nimpe barua na kopo la krispi za mboga. Kopo lifungue mbele yake, mle pamoja. Barua, funga mlango kwanza.

Ulitaka kujua zinavyotengenezwa. Mimi nilianza kwa ajili ya Chiriku. Tulikwenda kliniki kwa sababu ya lile tumbo lake linalogoma, muuguzi akampapasa, akaniuliza mtoto anakula nini. Kabla sijafungua mdomo, Chiriku akajibu mwenyewe kwamba asubuhi anakula krispi za paketi, mchana krispi za paketi, na jioni analamba paketi. Nilitamani sakafu initafune. Muuguzi alicheka, akasema nisipigane na mtoto, anachopenda ni kile kinacholia kwenye meno, basi nimpe mboga inayolia kwenye meno.

Chukua karoti, viazi vitamu, boga, bitiruti ukipata. Kata nyembamba kiasi kwamba ukiweka kidole nyuma yake unakiona kivuli chake. Zifute maji kwa kitambaa kikavu, zifute hasa, kama unavyomfuta mtoto shingoni, kwa sababu maji ndiyo adui. Mafuta kijiko kimoja yatosha trei nzima, zipakaze kwa mkono. Chumvi kidogo, manjano kidogo kwa rangi. Kisha zipange zisigusane. Mara ya kwanza nilizirundika, zikatoka laini kama kandambili iliyonyeshewa. Karoti ni kama mawifi, zikibanana trei moja zinatoana jasho tu. (Cheka, nimekutania.) Moto uwe mdogo, mlango wa oveni uachie upenyo, pachika hata mwiko, unyevu utoke. Zigeuze mara moja. Na usiondoke kwenda kupiga soga, maana kati ya kukauka na kuungua hakuna nafasi hata ya kupiga chafya.

Mama alipotafuna ya kwanza alisema kwamba kwao mboga ina mchuzi, na mboga isiyo na mchuzi ni kuni. Lakini mkono ukarudi kwenye bakuli. Siku ya pili ukarudi bila kuni kutajwa. Mwishowe akaniambia nimwachie yeye kazi ya kugeuza trei, nipumzishe miguu, kwani mimi nanyonyesha na macho yangu yameingia ndani kama ya mtu aliyefukuzwa na ng'ombe. Nikashukuru. Nani anakataa msaada?

Nikaona na jiko lifanane na hiyo kazi mpya. Nikakusanya chupa za jamu, zote za aina moja, nikaziosha, nikamimina ndani kila kilichokuwa jikoni, chumvi, sukari, manjano, pilipili ya unga, nikazipanga kwenye rafu kama askari wa gwaride. Makopo ya zamani, lile la kakao, lile la maziwa lililobonyea, na kiboksi cha majani ya chai, nikayatupia stoo. Kaka yako aliporudi safari akauliza tangu lini tumefungua duka la dawa. Nilijisikia mwanamke kamili.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo.

Kwanza iliungua trei moja. Nikasema ni bahati mbaya. Ikaungua nyingine, upande mmoja mkaa, upande mwingine mbichi, kama imegeuzwa nusu ikasahauliwa. Siku nyingine nikakuta trei ya viazi niliyoitoa ikiwa tayari imerudishwa ndani kama mbichi, na mbichi imeachwa mezani inasubiri kuliwa. Nilipouliza, Mama alijibu kwamba oveni yangu ina kichaa. Halafu zikaja karoti tamu. Tamu kweli kweli, wifi, zimenyunyiziwa sukari! Mimi ninayemkimbiza mwanangu asiione sukari, nakuta sukari kwenye trei yangu. Nikatazama chupa, nikamtazama Mama, nikazimwaga. Lakini ndani yangu kitu kiliketi, na kilikuwa hakina nia ya kuondoka.

Unajua Mama alikuja kwa ajili ya nini. Mwisho wa mwezi nilitakiwa kurudi kwenye kushona mapazia. Bosi wangu amenishikia cherehani kwa muda mrefu kuliko anavyopenda, na amekwisha kuniambia kwamba kuna binti mwingine anaimezea mate. Mama ndiye angebaki na Bwana Mkubwa kutwa. Pasipo yeye sina mtu. Kwa hiyo yote ninayokueleza, yasome ukijua kwamba nilikuwa najiuliza swali moja tu, nikifua, nikinyonyesha, nikimwaga maji machafu: mtu huyu, naweza kumwachia mwanangu?

Ukishaanza kumchunguza mtu, huwezi kumaliza. Niliona akimimina chai anatumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe, na kikombe chenyewe ni changu. Nikasema ananidharau. Nikizungumza naye hanitazami usoni, ananipa shavu, macho kayapeleka mlangoni kama anasubiri mgeni wa maana zaidi yangu. Nikasema ananichukia. Zile kengele mbili ndogo za kiatu cha Chiriku cha zamani alizikwanyua, akazishona kwenye soksi ya Bwana Mkubwa, mtoto akawa akijigeuza usingizini anajiamsha mwenyewe kwa makelele. Nilipozikata akazishona tena. Nikasema sasa huyu ananishindania mtoto.

Na jirani yetu, yule muuza mayai, naye akaja kutia chumvi. Aliniambia kwamba alimpita Mama getini, akamwamkia, Mama akamtazama hivi hivi asimjibu mpaka alipomsemesha mara ya pili. Akasema mama mkwe hata akikupa asali, mchungulie mkononi uone kama kuna nyuki. Nikamjibu kwamba Mama wa kwetu si mtu wa hivyo. Lakini mayai niliyatia kwenye sufuria huku nikiwaza nyuki.

Wifi, usikasirike, hata wewe nilikutia kwenye kapu hilo. Kila ukipiga simu, Mama alikuwa anamwita Chiriku ambonyezee, kisha anaingia nayo chumbani, anarudisha mlango. Sauti inashuka. Nikipita karibu na mlango nasikia unauliza na yeye anajibu kwamba hapana, hawajui. Mara nyingine nikasikia akisema, nikiharakisha nitaonekana. Nikajumlisha. Nikakumbuka siku ya harusi yetu uliponiambia kwa utani kwamba mke wa kaka mwenye kazi mjini huachia paka nyumba. Basi, nikasema, ndiyo hivyo. Wamekaa mama na binti, wamepanga nishindwe. Mboga ziungue, mtoto asilale, mimi nichoke, nibaki nyumbani. Nilikuwa nakuona huko saluni unasuka nywele za mtu kwa mikono miwili na kwa mdomo unasuka mambo yangu.

Ila siku ya pilipili ndiyo iliyonitoa kwenye kunung'unika ikanitia kwenye hofu. Nyumba nzima tulikuwa na mafua, pua zimeziba. Nilikuwa namwogesha Bwana Mkubwa, Mama akawa jikoni anatia viungo kwenye boga. Trei ilipotoka, Chiriku akachukua kiganja kizima akajaza mdomo. Sijawahi kusikia mtoto yule akikosa la kusema. Alifungua mdomo, hakutoka neno, akatokwa machozi tu, kisha akajifuta macho kwa mikono ile ile. Nilimshikilia chini ya bomba, namwosha, analia kama anachinjwa, na Mama amesimama katikati ya jiko mikono imening'inia. Niligeuka nikamuuliza ametia nini. Akasema manjano. Wifi, chupa ilikuwa bado mezani, nyekundu kama damu! Nikamwambia Mama, hii ni pilipili, manjano yana rangi yake na pilipili ina rangi yake, hata mtoto wa chekechea hakosei. Alipapasa ukuta akaingia chumbani kwake. Nami nikasema, ona, hata pole hana.

Kaka yako alipopiga nilimweleza. Akasema mama yake hawezi kufanya kitu kama hicho kwa makusudi. Nikamwambia kwamba kila mwana husema hivyo. Akasema basi nimuulize mwenyewe. Nikamwambia mwizi haulizwi, mwizi hunaswa. Kauli mbaya hiyo, najua. Nimeiandika kwa sababu niliisema.

Nikapanga kumnasa. Mchana mmoja nilikata karoti, nikazipanga kwenye trei mbili, nikazitia ndani, nikamwambia Mama kwamba nampeleka Chiriku kwa jirani kisha nitapita dukani, Bwana Mkubwa amelala kwenye mkeka hapo jikoni, amwangalie, na krispi azitoe zikiwa tayari. Akasema nenda mwanangu, usiwe na haraka. Hilo neno, usiwe na haraka, lilinichoma. Nikamwacha Chiriku kwa muuza mayai, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikavua viatu, nikaingia kwa mlango wa uani, nikajibanza penye pazia la stoo. Ukiniuliza nilikuwa natafuta nini, sijui. Labda nilitaka kumwona akiziunguza huku anatabasamu.

Niliona hivi. Mama alivuta trei ya kwanza kwa kitambaa, akaiweka juu ya kile kistuli kifupi. Akachukua krispi moja, akaipeleka sikioni, akaivunja. Akasikiliza. Akachukua nyingine kutoka pembe ya pili, akaivunja sikioni vile vile, akatikisa kichwa, akaigeuza ile pembe. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea dirishani, trei hakuitazama hata mara moja. Nilisimama pale nimeduwaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa uovu, si kwa hicho.

Wakati huo Bwana Mkubwa alikuwa ameamka. Hakulia. Alikuwa anavuta soksi yake, ile ya kengele, akaivua, akaitupa, akaitazama ilivyolia. Kisha akaanza kutambaa. Kimya. Anaelekea kwenye kistuli, kwenye trei iliyotoka motoni sasa hivi, kwa sababu mtoto haoni moto, anaona karoti. Na Mama, wifi, Mama alikuwa amegeukia soksi. Anaitabasamia. Aliiambia ile soksi, baba umeamka eeh, bibi anakuja.

Sijui nilivukaje lile jiko. Ninachojua ni kwamba nilimnyakua mtoto mkono wake ukiwa umeshainuka, na kistuli kikapinduka, karoti zikamwagika sakafuni. Mama akaruka. Alikuwa hatua chache tu mbele yangu, dirisha liko nyuma yake, mwanga wote uko usoni pangu. Akanitazama moja kwa moja. Akauliza, nani?

Mama, mtu anayenijua nikikohoa chumba cha pili, aliniangalia usoni mchana kweupe akaniuliza nani.

Nilikuwa nalia na sikutaka asikie. Akasema tena kwa sauti ndogo, ni nani jamani, mtoto yuko wapi? Nikamwambia ni mimi, Mama, ninaye mimi, mzima. Akakaa chini pale pale juu ya karoti.

Tulizungumza mpaka oveni ikapoa. Jicho la kushoto limeshafunga kazi. La kulia linaona kama kioo cha bafuni baada ya maji ya moto, mtu anapita ni kivuli, rangi zote ni uji. Ni muda mrefu sasa. Kule kwake aliwahi kwenda kwa daktari wa macho, akaambiwa ni mtoto wa jicho, anaweza kufanyiwa upasuaji, akapewa siku. Siku ilipofika alikwenda sokoni. Ana rafiki yake aliyekwenda akarudi na jicho limefunikwa kitambaa, na kitambaa kilipotoka jicho halikurudi, na Mama hataki kusikia kwamba macho ya watu hayafanani. Alisema bora ukungu wake kuliko giza la daktari.

Nikamuuliza mbona hakutuambia. Akasema kaka yako alipompigia kumwomba aje kulea, lilikuwa neno tamu kuliko yote aliyoyasikia tangu baba yenu afariki. Angesema haoni, asingeitwa kulea, angeitwa kulelewa. Akaona aje, ajifunze nyumba kwa mikono kabla sisi hatujamjua. Na aliijua, wifi! Chumvi ni kopo lililobonyea, pilipili ni kopo la kakao, manjano ni kiboksi. Alikuwa anapika bila kukosea, mpaka mimi na usafi wangu tukamletea chupa zinazofanana. Tangu hapo akawa anazifungua anazinusa, ila chumvi na sukari hazina harufu, na siku ya pilipili pua ilikuwa imeziba. Kidole kwenye chai ni kupima chai imefika wapi. Shavu alilokuwa ananipa ni kwa sababu ukingo wa jicho la kulia bado una mwanga kidogo, alikuwa ananitafuta. Kengele umeshajua. Na kule chumbani alikuwa anakuambia wewe kwamba hatujui habari ya goti lake, na kwamba akiharakisha tutaliona. Kumbe goti ndilo alilokudanganya nalo, ulipomtembelea ukamuuliza mbona siku hizi anatembea polepole. Kwa hiyo wewe umefichwa jicho kwa kuonyeshwa goti, na mimi nimefichwa vyote viwili.

Nilimkumbatia. Nilimwomba radhi kwa yale niliyokuwa nayawaza, ingawa sikumtajia yote. Lakini nilimwambia na jambo la pili, na hilo sikulipaka sukari. Nilimwambia, Mama, sitakuachia mtoto peke yako mpaka macho yatibiwe. Nimeuona mkono wake mdogo juu ya trei. Hata ungekuwa wewe ndiwe uliyenizaa, ningesema hivyo hivyo. Akasema kwamba nimemfukuza kazi kabla hajapokea hata sare. Nikamwambia sijamfukuza, nimempa likizo ya ugonjwa. Akacheka kidogo. Halafu akalia, na mimi nikakaa naye, ila yale niliyosema sikuyarudisha.

Kazini nimeomba nisogezewe hadi mwisho wa mwezi ujao. Bosi amenung'unika mpaka sindano zikatikisika, lakini amekubali, na amesema baada ya hapo hatanijua. Makopo ya zamani nimeyatoa stoo. Mlango wa jiko nimeuwekea kizuizi, Bwana Mkubwa anakishika na kupiga kelele kama mfungwa. Mama anageuza trei tena, mimi nikiwa hapo hapo namenya. Hizi unazozila, yeye ndiye aliyezisikiliza.

Lakini hospitali amegoma. Nimembembeleza, nimemtisha, Chiriku amemwambia kwamba macho yakipona ataonyeshwa michoro yake yote, na unajua ni mingi. Hataki. Kila nikigusa habari hiyo anaimba. Akanisihi nisikuambie wewe hasa, kwamba wewe utafunga saluni uje mbio, na hataki kumfungia mtu mlango wa riziki. Nikaitikia kwa kichwa. Wifi, nilimwitikia kwa kichwa mtu asiyeona, ili nisije nikasema nimeahidi. Hilo nalo liwe juu yangu. Ndiyo maana nimeandika, simu angeisikia hata nikiwa uani.

Njoo. Ndilo neno la barua hii, mengine yote ni kifungashio. Wewe ni kitinda mimba wake, wewe ndiye aliyewahi kumpigia kelele akakusikiliza, ile siku aliyotaka kupanda juu ya paa kuziba bati. Mimi nikipandisha sauti nitakuwa mkwe asiye na adabu, kaka yako akipandisha analia yeye kwanza. Njoo umshike mkono mpaka chumba cha daktari. Asubiri na mtu wake pembeni. Kama atakataa na mbele yako, basi tutakaa naye na ukungu wake na nitatafuta mtu mwingine wa kulea, lakini akatae akiwa ameshikwa mkono, si peke yake akikimbilia sokoni.

Nilikuwa nimepanga kukomea hapo na kugundisha bahasha. Nimeshindwa. Nimekaa nikaitazama karatasi hii nikaona nimejaza kurasa habari za mtu aliye chumba cha pili, ambaye hata ningeiacha wazi mezani asingeweza kuisoma. Nimemchungulia nyuma ya pazia mara moja, inatosha. Basi nikaichukua, nikaenda nikaketi kitandani pake, nikamwambia nimekuandikia wewe, na kwamba nitamsomea yote.

Nimemsomea. Kwenye mawifi na jasho alicheka mpaka akakohoa. Kwenye nyuki wa muuza mayai alisema kumbe ndiyo maana mayai yake yana bei ya asali. Kwenye pilipili alitafuta mguu wa Chiriku aliyekuwa amelala pembeni, akaushika. Nilipofika kwenye mwizi hunaswa, niliruka. Nikaunga sentensi ya juu na ya chini nikaendelea. Akainua kidole akasema, rudi. Nikamwuliza nirudi wapi. Akasema, hapo umeruka, sauti yako imekanyaga shimo. Na tangu hapo alinishuku kila nilipogeuza ukurasa, mbona huu mfupi, mbona umevuta pumzi, soma tena. Nikasoma tena. Nimesoma kila kitu, hata kile kichwa nilichotikisa.

Kisha akaniambia kwamba nimemkosea kukuandikia, na kwamba angekuwa mahali pangu angeandika mapema zaidi. Akasema nikuandikie kwamba anaogopa. Sio goti. Anaogopa. Na kwamba ukija usije na kelele, uje na muda.

Wasalimie mapacha, mmoja mmoja, wasije wakagombania salamu. Msalimie shemeji. Kaka yako nitamweleza mwenyewe kabla hajawasha lori, asibebe asichokijua. Kiuno chako ukichue jioni, usisubiri kianze kulia.

Ni mimi wifi yako akupendaye, Mama Chiriku.

Mama ameomba kalamu atie mkono wake chini ya wangu. Nimemwelekeza pa kuanzia, amesema anapajua. Ukiona herufi kubwa zimepanda juu ya jina langu na kutokea nje ya karatasi, usidhani ni Bwana Mkubwa. Ameandika MAMA YAKO.